Kabla Kilebu Hajavuka Kizingiti

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Umma wa Polisi katika baraza la polisi na wakazi

 

Yamkini wapo wanaojiuliza ni kwa nini polisi wamekuja kuzungumza juu ya mtoto wa mbwa, kana kwamba wezi wamekwisha. Sababu ni wezi hao hao. Kila panapotokea wizi wa kuku, wa betri ya gari au wa nguo kambani, wiki inayofuata kaya kadhaa hutafuta mbwa. Wengi hawapati mbwa mkubwa, na hivyo huchukua kilebu, ndiye mtoto wa mbwa, wakamleta nyumbani ndani ya gunia juu ya bodaboda, pasipo mahali pa kumlaza wala mtu aliyepewa jukumu la kumtunza. Miezi michache baadaye jambo lile lile lililoletwa kwa ajili ya usalama hurudi mezani kwetu kama malalamiko: mtoto wa jirani ameng'atwa, mbuzi ameraruliwa, wapangaji hawalali kwa kelele, au mtu amemtegea sumu mbwa wa mwenziwe na majirani wawili hawasalimiani tena.

Malalamiko hayo hayaanzi siku mbwa anapouma. Huanza siku alipoingia uani bila kutayarishiwa. Ndiyo maana leo naomba tuanzie mapema, kabla kilebu hajavuka kizingiti.

Jambo la kwanza ni mashauriano ndani ya kaya. Mbwa akitunzwa vyema aweza kuishi miaka 10 na zaidi. Kijana anayeomba kilebu leo akiwa darasa la tano atakuwa mtu mzima, pengine amekwisha kuondoka nyumbani, na mbwa yungali uani. Kaeni basi mkubaliane: nani atampa chakula asubuhi, nani atasafisha kinyesi, nani atampeleka kwa daktari wa mifugo, na nani atabaki naye familia ikisafiri kwenda kijijini wakati wa sikukuu. Kazi isiyo na mwenyewe hailali imefanywa. Kama hakuna aliyeinua mkono, msilete mbwa. Nunueni kufuli imara, wekeni taa mlangoni, na hilo nalo ni ulinzi.

Wale mnaoishi katika nyumba za kupanga, ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwanza, na waambieni wapangaji wenzenu. Kumbukeni pia kwamba tunaishi watu wa imani mbalimbali. Jirani Mwislamu hutakiwa kuutwaharisha mwili au nguo iliyoguswa na mate ya mbwa kabla ya kuswali. Mbwa anayezurura hadi kwenye kibaraza chake, akaramba birika la udhu au mkeka wa sala, amemwongezea taabu mtu asiye na hatia. Neno moja la heshima lisemwalo mapema, "Jirani, nakusudia kufuga mbwa, na banda lake nitaliweka upande wa pili," huzuia shauri ambalo baadaye lingechukua vikao vitatu.

Jambo la pili ni asili ya kilebu mwenyewe. Mchukueni kwa mtu mnayemfahamu, na ikiwezekana mwoneni mama yake. Mama mtulivu, mwenye afya na asiyewarukia watoto ni dalili njema kuliko maneno ya muuzaji. Kilebu asitengwe na mama kabla ya kutimiza wiki 8. Katika wiki hizo yeye hujifunza kwa mama na ndugu zake jambo ambalo binadamu hulifundisha kwa shida: kwamba kuuma kwa nguvu kunaumiza, na mchezo hukoma. Aliyetengwa akiwa na wiki 4 au 5 huwa dhaifu kwa magonjwa, na mara nyingi hukua akiuma ovyo.

Nasema na vijana hasa: msimnunue kilebu kwa mtu msiyemjua anayemtembeza barabarani chini ya koti. Mbwa ni mali. Kupokea mali ya wizi huku ukijua au ukiwa na sababu ya kujua kwamba imeibwa ni kosa la jinai. Andikianeni hati fupi mbele ya kamati ya LC1, yenye majina ya pande zote mbili, rangi na alama za mbwa, na tarehe. Karatasi hiyo moja hutusaidia sana mbwa anapopotea au anapogombaniwa.

Sasa tuingie uani. Mtu akitaka kujua kama uwanja wake uko tayari, na achuchumae macho yake yafike kimo cha kilebu, kisha auzunguke wote. Ataona mambo ambayo aliyesimama hayaoni. Ataona tundu chini ya lango, uwazi kwenye ua wa miti, shimo la taka lisilofunikwa, tanki la maji lililo wazi, mdomo wa choo cha shimo usio na kifuniko. Kilebu hupenya mahali kichwa chake kinapopita, na huanguka mahali asipoweza kupanda. Zibeni matundu, funikeni mashimo, okoteni vipande vya chupa, misumari na nyembe.

Banda halihitaji fedha nyingi. Mbao chakavu au makasha ya bidhaa yanatosha, mradi sakafu iinuliwe kutoka ardhini ili maji ya mvua yasiingie, paa lisivuje, na mlango usiuelekee upande wa upepo wa mvua. Liwe na nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kujinyoosha atakapokuwa mkubwa. Liwekwe penye kivuli, mbali na jiko la sigiri, mbali na mahali pa kulia chakula, na mbali na ukuta wa chumba cha jirani. Tandikeni magunia safi au majani makavu, myaanike juani kila wiki, maana viroboto hupenda matandiko yasiyoguswa.

Iwapo mahali hapo palifugwa mbwa akafa kwa kuhara damu, subirini. Kirusi cha parvo, ambacho huua vilebu wengi, chaweza kukaa udongoni kwa miezi mingi. Sugueni sakafu na vyombo kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya klorini, ile tuiitayo jiki, na msimlete kilebu ambaye hajachanjwa kabla ya kumwuliza daktari wa mifugo.

Ndani ya nyumba hatari kubwa zaidi ni sumu. Kilebu huujua ulimwengu kwa mdomo, kama mtoto anayetambaa. Sumu ya panya iliyofichwa nyuma ya gunia la mahindi, dawa ya kupe, mafuta ya taa katika chupa ya soda, vidonge vya wagonjwa na sabuni za kufulia, vyote vipandishwe juu na kufungiwa. Nyaya za umeme zinazolala sakafuni ziinuliwe au zifunikwe. Mifuko ya plastiki, yaani kavera, pamoja na nyuzi, sindano na soksi, huziba matumbo yakimezwa. Na mtakapokuwa mmekwisha kuvipandisha vitu hivyo, mtagundua kwamba mmeiokoa nyumba kwa ajili ya mtoto wenu wa miaka miwili vilevile, kwani sumu ya panya haimchagui imuuaye.

Katika chakula, kilebu mdogo hula kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku, na maji safi yawepo wakati wote. Wengi wetu tutampa posho, na si vibaya, lakini posho peke yake haijengi mwili. Ichanganyeni na mukene waliosagwa, yai lililopikwa, au mabaki ya nyama yasiyo na chumvi na pilipili. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, kwa kuwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyotoboa utumbo. Msimpe vitunguu, chokoleti wala zabibu kavu. Kwa mbwa hivyo ni sumu. Msimwachie machicha ya pombe. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha vilebu wengi, ingawa sisi huyaona ni zawadi.

Jambo la tatu ni daktari wa mifugo, na naomba atafutwe kabla ya kilebu, si baada. Nendeni katika ofisi ya mifugo ya wilaya au ya kata, mwulize siku za chanjo. Kwa kawaida kilebu hupewa dawa ya minyoo tangu akiwa na wiki chache, kwa kurudiarudia. Minyoo hiyo si tatizo la mbwa pekee: mayai yake hubaki katika udongo, na mtoto anayechezea udongo huo kisha akala bila kunawa aweza kuambukizwa, hata kudhurika macho. Kuanzia wiki 6 hadi 8 huanza chanjo za parvo na distempa, zinazorudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afikishe takriban wiki 16. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akitimiza miezi 3, hurudiwa baada ya mwaka mmoja, na kuendelea kama daktari atakavyoelekeza. Cheti cha chanjo kihifadhiwe pamoja na hati za nyumba. Mwulizeni pia kuhusu kumhasi, maana vilebu wanaotupwa sokoni na kando ya barabara ni watoto wa mbwa wa mtu fulani. Na dawa ya kuogeshea ng'ombe isimwagiwe kilebu kwa kukisia. Wengi wamekufa kwa wema huo.

Nakuja kwa watoto, walio sababu kubwa ya hotuba hii. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao wakiwa Afrika na Asia. Maambukizo kwa binadamu hutokana na mbwa kwa hadi asilimia 99. Na takriban watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto ni mfupi, uso wake uko karibu na mdomo wa mbwa, na mara nyingi huogopa kusema ameng'atwa kwa kuhofia kuchapwa.

Kwa hiyo, kabla ya kilebu kufika, waketisheni watoto muwafundishe sheria chache. Mbwa anayekula haguswi. Mbwa aliyelala haamshwi kwa kushikwa. Mbwa mwenye watoto hasogelewi. Mkia na masikio si vya kuvutwa. Mbwa mgeni akikukabili barabarani usikimbie. Simama wima kama mti, mikono kifuani, usimkazie macho, mpaka aondoke. Na sheria iliyo kuu kuliko zote: ukiumwa, ukikwaruzwa, au mbwa akikuramba penye kidonda, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, na hutapigwa. Ahadi hiyo ya mwisho ni ya wazazi, nami nawaomba muitimize. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kama ni kilebu, hata kwa muda wa kuchota maji.

Usiku wa kwanza kilebu atalia. Ametoka katika joto la mama na ndugu, amejikuta gizani. Wengi humpiga au humfungia stoo. Mlazeni mahali mnapoweza kumsikia, kwenye kasha lenye nguo kuukuu, ikiwezekana iliyokuwa na harufu ya mama yake. Mtoeni nje kwenda haja kabla ya kulala, kila anapoamka na kila amalizapo kula, msifuni anapofanya mahali panapotakiwa. Akikosea ndani, safisheni mnyamaze. Kumsugua pua kwenye kinyesi humfundisha kukuogopa wewe, hakumfundishi usafi.

Hapa yanipasa kuzungumzia imani moja ambayo polisi tumeiona ikizaa majeraha mengi: kwamba mbwa mlinzi hutengenezwa kwa mateso. Wapo wanaomfunga kilebu mnyororo mchana kutwa, wanaomtilia pilipili katika chakula, wanaomlevya kwa waragi au bangi, wanaomshindisha njaa ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo huwa mkali kweli, lakini hajui amkalie nani. Humwuma mama mwenye nyumba anapomletea chakula, humwuma mtoto anayefuata mpira, na mwizi akimtupia kipande cha nyama yenye sumu, huila upesi kwa sababu ya njaa.

Samaki mkunje angali mbichi. Kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14 ya maisha yake, kilebu hujifunza kitu gani ni cha kawaida na kitu gani ni cha kuogopwa. Katika kipindi hicho mwonyesheni watu wa umri mbalimbali, mzee mwenye mkongojo, sauti ya bodaboda, kuku na mbuzi, huku mkiwa mmembeba au mko katika uwanja wenu, mbali na mbwa wasiojulikana, hadi chanjo zake zikamilike. Mfundisheni kuja anapoitwa, kukaa, na kuacha kitu kilicho mdomoni, kwa zawadi ndogo na kwa maneno yale yale kila siku. Watu wote wa nyumba watumie neno moja. Baba akisema "keti," mama "kaa," na kijana "tulia," kilebu atabaki kuwatazama.

Angalieni mbwa wa polisi wanaofuata nyayo za wahalifu. Kila mmoja hufanya kazi na askari wake aliyemzoea, anayemlisha, anayemsugua manyoya na kumjua alivyo. Nguvu ya kazi ile ni kuaminiana. Kwa mbwa wa nyumbani, ulinzi bora ni kubweka: anakuamsha, anamjulisha mwizi kwamba ameonekana, anawaamsha majirani. Kazi ya kumkamata mwizi ni yetu. Pigeni simu 999 au 112. Lango liwe na maandishi ya kutahadharisha kwamba kuna mbwa, lakini jueni kwamba maandishi hayo hayakuondolei wajibu wa kumdhibiti.

Sheria iko wazi katika hili. Kanuni ya Adhabu humhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye kwa uzembe hachukui tahadhari dhidi ya hatari inayotazamiwa kutoka kwa mnyama aliye mikononi mwake. Nchi yetu pia ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa, na ina sheria inayokataza ukatili kwa wanyama. Anayemtesa mbwa ana kesi, na anayemwachia mbwa hatari azurure naye ana kesi.

Nimalizie kwa jambo ambalo ningependa kila mmoja arudi nalo nyumbani. Mbwa anapomwuma mtu, desturi yetu ni kuketi mbele ya mwenyekiti na kupatana. Mwenye mbwa anaomba radhi, anatoa fedha kidogo, watu wanashikana mikono, shauri limekwisha. Mapatano ni mema, nami siyapingi. Lakini fedha hizo hazisafishi mate yaliyoingia katika kidonda. Kichaa cha mbwa aghalabu huchukua miezi 2 au 3 kabla ya kujionyesha, na pengine huchukua wiki moja tu au mwaka mzima. Kidonda kitakuwa kimepona, watu wamesahau, na mtoto anaanza kuogopa maji. Dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla hazijatokea, chanjo humwokoa.

Kwa hiyo mtu akiumwa, hatua ya kwanza ni maji na sabuni, mara moja, kwa dakika 15 bila kupunguza. Msipake mafuta ya breki, wala kahawa, wala pilipili, wala majani. Hatua ya pili ni kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa ajili ya chanjo, na tarehe zote za dozi zitimizwe hata kidonda kikipona. Hatua ya tatu ni kuwajulisha daktari wa mifugo na polisi. Mbwa asiuawe na kuzikwa kwa siri ikiwa aweza kufungiwa salama, maana daktari humtazama kwa siku 10, na hali yake huwaongoza waganga. Hatua ya nne ndiyo mapatano. Wenyeviti wa LC1, nawasihi: kabla ya kufungua kikao cha fidia, ulizeni kwanza, "Mtoto amechanjwa?" Kama jibu ni hapana, ahirisheni kikao, na mwenye mbwa atoe nauli ya kwenda hospitalini.

Na mwenye mbwa aliyechanjwa, mwenye cheti, mwenye ua uliozibwa, huketi katika kikao hicho akiwa na neno la kusema. Asiye navyo hana.

Ndugu wananchi, kila tarehe 28 Septemba dunia huadhimisha Siku ya Kichaa cha Mbwa, na mataifa yamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 pasiwe na mtu anayekufa kwa ugonjwa huu kutoka kwa mbwa. Sehemu yetu katika lengo hilo si kubwa. Ni ua usio na matundu, ni sindano moja kwa wakati wake, ni mtoto anayejua kwamba akisema ameumwa hatapigwa. Anayekusudia kuleta kilebu na ajipe wiki mbili za kutayarisha kwanza. Milango ya kituo chetu iko wazi kwa mwenye swali, na afisa wa polisi jamii atafika uwanjani kwako ukimwalika.



Kwa Mungu na Nchi Yangu.